Someni Kitabu Chenyewe

Wanangu, mmenijia tena na swali lile lile: watoto hawapendi kusoma, tuwanunulie vitabu gani? Nimeulizwa hivyo na wazazi, na majirani, hata na walimu ambao niliwafundisha mwenyewe darasani, na jibu nimelitoa mpaka nimechoka. Leo naliandika, kwa kuwa maneno ya barazani mtu huyaacha pale pale anaponyanyuka kwenda zake. Majina ya vitabu nitawatajia, wala sitawaficha kitu. Ila mtanivumilia, maana dawa ya jambo hili haianzi kwa mtoto.

Inaanza kwenu. Mara ya mwisho kushika riwaya ya Kiswahili ilikuwa lini? Wengi wenu ilikuwa kidato cha nne. Mlipewa Watoto wa Maman'tilie cha Emmanuel Mbogo, mkapewa Joka la Mdimu cha Abdallah Safari, na mashairi ya Mohamed Seif Khatib, Wasakatonge. Ni vitabu vizuri, na waliovichagua hawakukosea. Lakini nilikuwa darasani, najua mlivyovisoma. Nakala zilikuwa chache, mtihani uko mlangoni, na kijitabu cha uhakiki kikiuzwa kwa bei ndogo kule mjini. Mkanunua uhakiki. Mkakariri dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika na falsafa ya mwandishi, mkajibu maswali, mkafaulu. Kuna waliopata alama za juu kabisa bila kufungua riwaya yenyewe hata ukurasa mmoja. Ni sawa na kusimuliwa harusi usiyohudhuria: unawajua bibi na bwana harusi kwa majina, lakini ngoma hukuisikia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa watu wazima hauna gharama kubwa. Rudini kwenye vitabu mlivyofanyia mtihani. Tafuteni kile mlichokariri uhakiki wake mkisome sasa, bila kalamu mkononi, bila kutafuta tamathali za semi. Mtakuta watu waliokuwa wakiwasubiri miaka yote hiyo. Mtakuta kwamba Maman'tilie hakuumbwa ili awe jibu la swali la alama 15, na kwamba njaa ya nyumbani kwake haikuandikwa ili mtu aiweke chini ya kichwa cha "hali ngumu ya maisha".

Baada ya hapo nendeni kwa Shaaban Robert. Najua mtasema lugha yake ni ngumu. Si ngumu, ni nzito, na uzito wake unazoeleka ukifika ukurasa wa kumi. Mtu huyu alizaliwa Tanga mwaka 1909, akafa mwaka 1962, na maisha yake ya kazi aliyapitisha akiwa karani wa serikali ya kikoloni. Aliandika chini ya macho ya mabwana wale wale. Someni Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mkikumbuka hilo. Nchi yenyewe ipo angani, na humo kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuleta mema, wakarudi wakatiwa jela. Hakuna askari wa kizungu hata mmoja katika kitabu hicho. Lakini msomaji wa mwaka 1951 alijua anasomewa nini, na wa leo naye atajua, akisoma taratibu.

Wanaotaka riwaya yenye jasho la watu wa kazi, wachukue Kuli cha Adam Shafi. Rashidi anaingia bandarini Unguja kama baba yake alivyoingia, na kitabu kinatufikisha kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Vuta N'kuvute cha mwandishi huyo huyo wengi mmekisikia kwa ajili ya filamu. Filamu ni nzuri, lakini kitabuni Yasmini na Denge wana nafasi ya kupumua. Na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, wanangu, hiyo naiona inasahaulika na inaniuma. Mtoto anadhulumiwa na nyumba ya baba yake mwenyewe kwa sababu ya rangi ya ngozi yake na damu ya mama yake, kisha anadhulumiwa shamba. Someni hiyo kabla ya kufungua kesi yoyote ya mirathi.

Kwenu mlio baba wa mabinti nina agizo moja. Someni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni, eti itaharibu wasichana. Baadaye ikaruhusiwa, ikasomwa na mtihani ukatungwa. Waliozuia walitazama mambo ya Rosa, hawakumtazama Zakaria, baba yake: ulevi wake, na ile fimbo aliyodhani ndiyo malezi. Binti anachungwa kwa kipigo mpaka siku anapotoka nyumbani kwenda kusoma, na siku hiyo hana kitu cha kumwongoza isipokuwa hofu, na hofu ikishabaki nyumbani hana chochote. Nimewahi kuwapa wanaume kitabu hiki wakakirudisha kimya. Sikuwauliza kitu. Nanyi msiulizane, kisomeni tu.

Sasa nitawashikilia hapa kidogo, kwa sababu kuna kitabu ambacho karibu hakuna anayeniuliza habari zake. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha mume na mke, Myombekere na Bugonoka, akamaliza mwaka 1945. Lugha ya kisiwa kimoja haikupata mchapishaji. Miaka ikapita, mwandishi akazeeka, viungo vikamsumbua kwa maradhi. Akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikakichapisha. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 mtu amekaa na kitabu chake kilichokamilika, bila kukichoma, bila kukikatia tamaa.

Na ndani yake mna nini? Mna ndoa isiyo na mtoto. Ndugu wa mume wanamsengenya mke na kumshauri mume aoe mwingine, mpaka wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere haendi kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kumfuata mke wake, anajieleza, anapigwa faini ya pombe ya ndizi, anarudi kuihangaikia pombe hiyo kwa taratibu zake zote, na Kitereza anatusimulia kila hatua: ndizi zinavyoivishwa, nani anaitwa kusaidia, maneno gani yanasemwa mgeni anapokaribishwa, dawa zinavyotafutwa. Ni kitabu kirefu, na kinakwenda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Kijana wa leo atalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Mwambieni avumilie. Sijaona kitabu kingine cha Kiswahili kinachoonyesha kwa undani kiasi hicho mwanamume anayempenda mke wake na haoni haya kuwapendeza wakwe ili amrudishe. Mkiwa mmeoana karibuni, kisomeni pamoja, kurasa chache kila usiku. Mtajifunza mengi zaidi kuhusu kuvumiliana kuliko katika semina zote za ndoa mnazolipia.

Kwa ushairi nitataja viwili tu. Mwana Kupona wa Pate aliandika utendi kwa binti yake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimuusia namna ya kuishi. Mengi aliyousia kuhusu mke na mume hamtakubaliana nayo leo, na mimi mengine sikubaliani nayo. Lakini fikirini: mama anahisi kifo kinakaribia, na kitu anachoona kinafaa kumwachia mtoto wake ni beti. Cha pili ni Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa waraka aliouita Kenya: Twendapi? Mashairi hayo aliyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Anayesema hana muda wa kusoma, au hana mahali pazuri pa kuandikia, na aanze na kitabu hicho.

Basi tuje kwa watoto, maana naona mmeanza kutazama saa.

Mtoto ambaye hajajua kusoma ndiye hasa wa kusomewa. Msingoje afike darasa la pili. Bibi zetu hawakungoja, walisema "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", na kabla ya herufi ya kwanza mtoto alikuwa ameshajua kwamba hadithi ina mlango wa kuingilia, ina kona, na ina mahali inapokwisha. Siku hizi bibi yuko kijijini na mtoto yuko mjini na simu ya mama. Sitawalaumu kwa hilo, maisha yamewapeleka huko. Lakini nafasi ya bibi haikuzibwa, na simu haiwezi kuiziba kwa sababu simu haimtazami mtoto usoni kujua kama ameogopa.

Anzeni na Hekaya za Abunuwasi. Kile kisa cha sufuria iliyozaa, na siku nyingine ikafa, mtoto wa miaka mitano atataka akisikie tena na tena. Msichoke. Msomeeni tena. Mtoto anaporudia hadithi hatafuti habari mpya, anahakikisha kwamba dunia bado iko pale alipoiacha. Visa vingine vya Abunuwasi vina maneno ya kikubwa, hivyo mvipitie kwanza wenyewe. Hadithi za sungura na fisi na kobe zipo za kila namna, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kuchapishwa kwa vitabu vingi vya Kiswahili vyenye picha na kuvifikisha mashuleni. Hapo nina kilio. Nimeingia katika shule nikaona vitabu hivyo vimefungiwa kabatini ofisini, vipya kabisa, funguo mfukoni mwa mtu, kwa hofu kwamba watoto watavichafua. Kitabu cha mtoto ambacho hakijachafuka hakijafanya kazi yake. Mkiwa katika kamati za shule, simameni mdai kabati lifunguliwe.

Mtoto akifika miaka tisa au kumi, msomeeni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Liwali wa Janibu ana manyani wawili ambao kila usiku hana budi kuwachapa, na kila usiku analia akiwachapa, kisha anawakumbatia na kuwalisha. Kwa nini? Mtoto hatalala mpaka ajue. Mfalme Rai wa humo kitabuni naye hakulala. Sitawaambia siri yake, kwa sababu ninyi pia wengi wenu hamjui. Maneno mengine yatawashinda, lakini endeleeni. Mtoto hashindwi na neno moja gumu akiwa anataka kujua kitakachotokea. Kuna pia Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, kwa ajili ya mtoto mwenye hamu ya safari, itamzungusha nchi yetu.

Wa miaka kumi na miwili na kuendelea mpeni Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, kuhusu watoto wanaoota kufika Marekani, na akishakua kidogo mpeni Siku Njema ya mwandishi huyo huyo. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimba taarabu wa Tanga, anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Vijana wengi wa Kenya walikipenda Kiswahili kwa sababu ya kitabu hicho kimoja. Walibora alifariki mwaka 2020 jijini Nairobi, na bado hatujampata wa kushika nafasi yake kwa vijana.

Wale wavulana mnaosema hawakai chini, wapeni Mohammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960: kuna maiti, kuna mzimu, na kuna Bwana Msa na kiko chake, anayekataa kuamini kwamba mzimu umeua mtu wakati binadamu wenye sababu za kuua wapo. Ni riwaya ya upelelezi, na baadhi ya walimu wenzangu waliidharau. Walikosea sana. Kijana anayemfuata Bwana Msa anajifunza kuuliza "nani anafaidika?" kabla ya kuuliza mganga. Wakubwa zaidi wakitaka mbio za Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, waacheni. Enzi zake vitabu hivyo vilizungushwa mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika, na vimewatengeneza wasomaji wengi kuliko mitaala.

Wanangu, msimchagulie mtoto kitabu kwa kutazama funzo lililoandikwa nyuma ya jalada. Mtoto ana pua kali kuliko mnavyodhani. Akisikia harufu ya mahubiri anafunga. Na jambo hili nawasihi kwa mikono miwili: mkimaliza kumsomea, msimuulize amejifunza nini. Swali hilo ni mtihani uliovaa nguo za nyumbani. Mlitendwa hivyo ninyi, na matokeo yake tunayajua. Akitaka kusema atasema. Akinyamaza, mwacheni anyamaze na hadithi yake.

Mtaniambia watoto wenu wako shule za mchepuo wa Kiingereza, na huko wanasoma vitabu vya Kiingereza. Vema, na wavisome. Sina ugomvi na lugha yoyote. Mwalimu Nyerere alikijua Kiingereza vizuri, na kwa kukijua huko alikaa akamtafsiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa rais mwenye kazi za nchi nzima mezani. Ugomvi wangu ni mtoto ambaye Kiswahili chake kimebaki cha kuagiza chakula na kuitikia salamu, hajui kwamba katika lugha hiyo mtu anaweza kufikiri mpaka mwisho. Mpeni Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, au Mwana Mdogo wa Mfalme. Na nyinyi wakubwa mpate Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022. Mwana wa Zanzibar alipewa Nobel mwaka 2021, na nyumbani wengi walisherehekea bila kumsoma. Sasa yupo kwa lugha yenu, na kijana Yusuf aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake anasema maneno mnayoyaelewa bila kamusi.

Mtasema pia vitabu ni ghali na maduka ni machache. Hilo ni kweli, na kwa mtu wa wilayani ni kweli zaidi. Lakini wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanavitandaza chini pembeni mwa barabara pale Posta, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, bado milango yake iko wazi. Mikoani maktaba zipo pia, na nyingi zinakaliwa na wanafunzi wanaojisomea madaftari yao, rafu za riwaya ziko nyuma yao. Pelekeni watoto kule Jumamosi, muwaonyeshe rafu.

Wala kusoma si lazima kuwe jambo la mtu mmoja na kiti chake. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2 walikaa katika vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi mwa mwenye kujua kusoma, naye akawasomea wengine, wakajadili, wakanyanyuka kwenda kuchimba vyoo. Wakulima, kinamama wenye watoto mgongoni, wazee. Hakuna aliyewaambia kwamba hawana utamaduni wa kusoma. Maneno hayo nayasikia siku hizi kutoka kwa watu wenye digrii, nami nayakataa. Mna vikoba, mna vikundi vya kuzikana, mna makundi ya simu yasiyohesabika. Kikundi kimoja kati ya hivyo kinaweza kununua nakala moja ya Kuli na kuipokezana.

Nimesema vya kutosha, na pumzi yangu si ya zamani. Leo baada ya chakula cha usiku wekeni simu chumba kingine, waiteni watoto, na mmoja wenu asome kwa sauti sura ya kwanza ya Adili na Nduguze. Asiyekuwa nacho aje kwangu, nakala yangu ipo, namwazima. Akirudishe tu akimaliza, maana kuna mwenzake anakisubiri.